Raha ya Safari ya Wakati katika Babu Alipofufuka

Riwaya ya ajabu humtia mhakiki katika kishawishi cha kuifanya kitendawili: hutafuta jibu, na akilipata huona kazi imekwisha. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, iliyotolewa mwaka 2001, yasomeka kwa urahisi hivyo, kama fumbo juu ya utawala uliopotoka. Usomaji huo hauna kosa, ila wasahau jambo moja, nalo ni raha aipatayo msomaji wa kawaida.

Kisa chenyewe hakina marefu kukieleza. K ni mtu wa cheo na mali, aliyejitenga na watu wake. Babu yake aliyekufa zamani anamtokea, anamchukua safari inayovuka mipaka ya mahali na ya wakati, na kumwonyesha mambo asiyotaka kuyaona.

Raha yaanza katika jina la kitabu. "Babu alipofufuka" ni kishazi tegemezi chenye -po- ya wakati, nacho chamwacha msomaji akingoja: alipofufuka, kukawaje? Riwaya nzima ndiyo jawabu. Tena kitenzi ni fufuka. Kama kingalikuwa fufuliwa, msomaji angaliuliza ni nani aliyemfufua. Fufuka hakidai mtendaji. Babu hakuitwa na mtu, amekuja mwenyewe, kama jamaa ajaye bila taarifa.

Hapo ndipo safari hii inapotofautiana na ile ya H. G. Wells, ambaye katika The Time Machine ya mwaka 1895 alimpa msafiri wake chombo cha kupanda. Mwenye chombo huchagua siku ya kwendea. K hachagui, anachukuliwa. Kipandio chake ni udugu, kwa kuwa neno babu halisimami peke yake: palipo na babu pana mjukuu. K, ambaye mwandishi amemnyima jina na kumwachia herufi moja tu, analazimika kuwa mjukuu wa mtu. Mkubwa aliyezoea kuamuru anakwenda nyuma ya mzee kama mtoto, na kugeuka huko kwa cheo ndiko kunakomchekesha msomaji, kisha kumtia huzuni.

Msomaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, hahitaji kushawishiwa kwamba wafu hurudi. Jina la mtaa wake latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Jengo la soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021, lakini jina halikuungua. Kondakta wa daladala anaponadi "Kariakoo!" huwataja wapagazi wale pasipo kujua. Basi lugha yenyewe huvusha watu kutoka wakati hadi wakati, na riwaya hii imefanya kwa makusudi yale ambayo mtaa hufanya kwa mazoea.

Euphrase Kezilahabi naye alikwisha kulegeza kamba za wakati katika Nagona (1990) na Mzingile (1991). Huko msomaji huweza kupotea asijue asimame wapi. Katika kitabu hiki ameshikwa mkono na babu. Usalama huo una hasara yake: babu ni mwalimu, na kila somo linapotangulia tukio, safari hugeuka hotuba, na raha ikapungua. Lakini pale mzee anaponyamaza na kumwacha mjukuu atazame mwenyewe, kitabu hupata nguvu zake zote.

Wafundishao riwaya hii wangefanya vyema kuanza na raha hiyo kabla ya kulifumbua fumbo. Mwanafunzi anayepewa jibu kwanza hana sababu ya kusafiri.