Uhakiki wa Alama ya Mayo katika Kupima Kolaitisi ya Vidonda

Alama ya endoskopi ya Mayo, iliyochapishwa nchini Marekani mwaka 1987, hupima ukali wa kolaitisi ya vidonda kwa madaraja manne, kuanzia 0 hadi 3. Imeenea kwa kuwa ni nyepesi kutumia. Udhaifu wake umo katika daraja la 3, linalojumuisha vidonda vyote, vya juujuu na vya kina. Mgonjwa ambaye vidonda vyake vya kina vimepona kwa tiba hadi kubaki vya juujuu bado huandikiwa 3. Hivyo dawa iliyomfaa yaweza kuhesabiwa kuwa imeshindwa, naye akaachishwa. Kipimo kiitwacho UCEIS, cha mwaka 2012, chenye alama 0 hadi 8, hutathmini mbalimbali mishipa ya damu, utokaji damu na kina cha vidonda, na huweza kudhihirisha nafuu hiyo. Hata hivyo, vipimo vyote viwili huzingatia sehemu iliyoathirika zaidi, wala havionyeshi ugonjwa umeenea kiasi gani. Kwa msingi huo, tarakimu pekee haitoshi kuwa ushahidi. Mtafiti hana budi kuiambatanisha na maelezo ya kina cha vidonda na urefu wa utumbo ulioathirika.