Mkataba wa pili ndio ulioiponza Georgetown

Wa kwanza ulikuwa mzuri. Mji huu wa Texas, kaskazini mwa Austin, una shirika lake la umeme, na mwaka 2014 ulijifunga kununua megawati 144 za upepo kutoka Spinning Spur 3, karibu na Amarillo, kwa bei isiyobadilika hadi 2035. Hapo sina neno.

Kosa ni saini ya 2015: megawati 150 za jua kwa miaka 25, juu ya upepo ule. Tulimwona Meya Dale Ross akishangiliwa, hadi akaingia kwenye filamu ya Al Gore ya 2017. Lakini mji ulikuwa umekubali kununua umeme mwingi kuliko unaotumia, kisha ziada iuzwe katika soko la jumla la umeme la Texas, ERCOT. Kwa saini hiyo shirika la kuhudumia nyumba na maduka likageuzwa mchuuzi wa nishati, na mtaji wa uchuuzi ni bili za wakazi.

Tazama hesabu ilivyokaa. Upande wa kununua bei imefungwa. Upande wa kuuza bei iko wazi, na huko Texas kwa saa nyingi bei hiyo huamuliwa na mitambo ya gesi. Gesi ya miamba ilipozidi kumiminika, bei ikabaki chini. Tena upepo wa Panhandle, ukanda wa Amarillo, huvuma zaidi usiku, watu wamelala, na ukivuma unavumia mashamba yote ya upepo kwa pamoja. Kila mmoja anamwaga umeme saa ileile, bei inaporomoka. Jua nalo lina tabia hiyo hiyo mchana. Mwenye ziada anafika sokoni pamoja na wenye ziada wenzake. Na hili halikuwa fumbo mwaka 2015: Texas Magharibi ilishaona bei zikishuka chini ya sifuri tangu 2008. Ukuaji wa haraka wa mji ungekuja kuimeza ziada, ndiyo, lakini malipo hayakusubiri wakazi wahamie.

Mwaka 2018 gharama za umeme za mji zikavuka bajeti kwa takriban dola milioni 6.8, na mwaka uliofuata wateja wakaongezewa tozo. Wapinzani wa nishati jadidifu wakapata mfano wa kuzunguka nao, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wanaonisoma wanajua nisivyochoka kuitaja kampuni ya umeme ya IPTL, Tanzania: mkataba wa 1995, megawati 100 pale Tegeta, na shirika la umeme, TANESCO, likidaiwa malipo ya uwezo wa mitambo hata isipowashwa. Kule mafuta mazito, huku upepo na jua. Mnunuzi ni yuleyule, anayebeba mzigo wa umeme asiouhitaji.

Waliojua kununua ni Melbourne. Mwaka 2017 jiji lile, vyuo vikuu, benki na wengine, wanunuzi 14 kwa jumla, walijumlisha kwanza matumizi yao, wakafunga mkataba wa miaka 10 wa saa za gigawati 88 kwa mwaka. Shamba la Crowlands likajengwa la megawati 80, linalozalisha zaidi ya hizo, na ziada haikuwa juu ya shingo zao. Washington, D.C. nayo, mwaka uleule wa saini ya Georgetown, 2015, ilichukua upepo wa kutosheleza asilimia 35 tu ya umeme wa serikali ya jiji.

Georgetown ingeweza kuchukua theluthi ya jua lile, ikaandikiwa haki ya kuongeza kadiri mita mpya zinavyofungwa. Kifungu kimoja tu, na muuzaji angetoza bei yake. Kilistahili kulipiwa.