Fundi Anayeanza na Usiku

Fundi wa sola anayeijua kazi yake hakimbilii kupanda juu ya gari. Anakaa kivulini, anaomba kalamu, kisha anauliza maswali ambayo mwenye gari anaweza kudhani ni umbea: unalala saa ngapi, ukiamka usiku unawasha nini, simu ziko ngapi. Jua la Katavi halimpi wasiwasi, maana lipo na linatosha. Kinachompa kazi ni zile saa 12 ambazo halipo. Hesabu yake inaanzia humo, inakwenda kwenye betri, kisha kwenye nyaya, na paneli, ambayo ndiyo wapita njia huiona na kuisifia, inakuja mwisho.

Mpanda ni mahali pazuri pa kuutazama ufundi huu. Mji huu, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, uliishi kwa miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, ukitegemea mashine za dizeli, na vijijini hata hizo hazikufika. Wakulima wa mpunga wa Mpimbwe, warina asali wa Inyonga na wafugaji wanaohama na ng'ombe wao walizoea kipaneli kimoja juu ya paa, taa mbili na redio. Mafundi wengi walijifunzia juu ya mapaa hayo. Upande huu wa magharibi mwa nchi una historia yake katika jambo hili: shirika la KARADEA la Karagwe, mkoani Kagera, lilikuwa likifundisha ufundi wa sola miaka ya 1990, wakati Watanzania wengi hawajawahi kuigusa paneli.

Sasa kazi imeingia kwenye magari. Wapo wageni wanaoteremka kutoka Kigoma na nyumba zao za magurudumu na kupiga kambi Sitalike, mlangoni pa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mimi lakini nilivutiwa na Canter lenye bodi la bati, mali ya mama mmoja mtaalamu wa mifugo anayefuata minada. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, rafu za dawa na friji ndogo ya chanjo. Nyumba yake ya mjini ameipangisha, anaishi humo garini.

"Daktari, feni unaizima saa ngapi?" fundi alimuuliza.

"Mwezi wa kumi, fundi? Niizime nife?"

Fundi akaandika: feni, saa 10. Hakucheka. Wati 20 kwa saa 10 ni wati-saa 200. Friji ni ya wati 50, ila kompresa hupumzika na kuamka. Kwa joto la Oktoba alikadiria itafanya kazi nusu ya siku, yaani wati-saa 600. Taa, simu na kompyuta akazipa 200. Jumla 1,000 kwa siku. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo siku ya mawingu si udhuru, na akiba lazima ivuke siku mbili.

Hapo ndipo betri zilipochaguliwa. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini ukizoea kuinywa zaidi ya nusu unaifupishia maisha. Zingehitajika nne, karibu kilo 120 kwa jumla. Za lithiamu mbili tu zinafanya kazi hiyo hiyo, na zote pamoja hazifiki kilo 30. Bei yake inauma, hilo halifichiki, ila gari linaloishi kwenye njia za udongo hulipia kila kilo kwa springi na matairi.

Kwenye nyaya ndipo fundi wa kweli anapojitenga na fundi wa kubahatisha. Aliyezoea nyumba za umeme wa volti 230 anaweza kuifunga friji kwa waya ule ule wa taa, na ikawaka vizuri mchana. Kwenye volti 12 friji hiyo inavuta zaidi ya ampea 4. Katika waya wa milimita za mraba 1.5, kwenda mita sita na kurudi, zaidi ya nusu volti inaishia njiani. Nyumbani nusu volti haina maana. Garini, usiku wa manane betri ikiwa imeshuka, ndiyo inayofanya kompresa ijaribu kuwaka, ishindwe, ijaribu tena. Mwenye gari atailaumu friji na pengine atanunua nyingine. Fundi huyu alivuta waya wa milimita za mraba 4, na akaihamishia friji karibu na betri ili mita zipungue.

Nilimtazama akibana kichwa cha shaba kwenye kebo ya betri. Alimenya mpira taratibu asikate hata unywele mmoja wa shaba, akaingiza, akabana kwa koleo maalumu, kisha akaishika kebo kwa mikono miwili na kuivuta kwa nguvu zake zote. Kichwa kimoja kilisogea kidogo sana. Akakikata, akaanza upya. Kiungo kilicholegea hupata joto, na barabara yenye mawimbi hulegeza hata kilichokaza. Kila kebo iliyopita kwenye tundu la bati aliivalisha raba, kwa sababu bati linalotikisika hukata mpira polepole mpaka shaba iguse bodi na kupiga shoti. Fyuzi kubwa aliiweka kiganja kimoja kutoka betri. Ukiiweka mbali, kipande chote cha katikati hakina mlinzi.

Juu ya paa kazi ilikuwa fupi. Mpanda iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, hivyo paneli iliyolala haipotezi mengi. Ujerumani wakati wa baridi, paneli iliyolala juu ya gari hupata makombo. Paneli mbili za wati 200 aliziinua kidogo ili upepo upite chini, maana paneli ikipata moto nguvu yake hupungua, na akaziinamisha upande mmoja mvua ioshe vumbi na masizi ya mioto ya nyika. Alipounganisha alizifunika kwa blanketi, akaanza na waya wa betri kwenye kidhibiti chaji, kisha wa paneli. Baadhi ya vidhibiti huharibika ukigeuza mpangilio huo.

Kivuli kilizua ubishi. Mama alitaka kuegesha chini ya mti, na ana haki. Fundi alitaka jua. Suluhu ilikuwa paneli ya tatu, isiyofungwa, yenye kebo ya mita 10 ya kuitandika juani na kuirudisha kabla ya giza.

Mwisho alichora ramani ya nyaya zote na kuibandika ndani ya mlango wa kabati, kila fyuzi na jina lake, kwa ajili ya fundi mwingine atakayeitwa akiwa huko Karema au Majimoto. Mama akauliza kama pasi itawezekana. Pasi ya wati 1,000 ingevuta zaidi ya ampea 80 kwenye betri zile. Fundi alichukua kalamu, akaongeza mstari chini ya mchoro kwa herufi kubwa: PASI HAPANA.