Viputo kwenye Beseni

Hapa Barumbu, fundi wa toleka, baiskeli za kubeba abiria, akitafuta tundu hujaza mpira upepo, akauzamisha kwenye beseni, akasubiri viputo. Daktari mpasuaji aliyekata kipande cha utumbo karibu na njia ya haja kubwa na kuziunga ncha mbili hufanya vivyo hivyo: humimina maji nyongani, husukuma hewa kutoka chini, akakodoa macho. Kikitoka kiputo, anashona upya.

Ufundi uko hapo, kwenye kiungo. Mwaka 1826 Mfaransa Antoine Lembert alionyesha kwamba utumbo hushikana vizuri ngozi ya nje ikigusana na ngozi ya nje. Kingo lazima zitoe damu nyekundu. Uzi ukikazwa mno nyama hufa. Ukilegea, kinyesi humwagika tumboni.

Kinachobadilika ni mlango. Zamani tumbo lilipasuliwa wima. Kwa laparoskopia hujazwa kaboni dioksidi, kamera na vyuma virefu vikapita matundu madogo. Mkono ukienda kulia, ncha inakwenda kushoto. Mwendesha mtumbwi wa injini anaujua ukaidi huo. (Kipande kilichokatwa nacho kinadai mlango wa kutokea, kwa hiyo kisu hakikwepeki kabisa.) Utafiti wa Marekani wa 2004, wagonjwa 872 wa saratani ya utumbo mpana, ulikuta ugonjwa ukirudi karibu sawasawa kwa njia zote mbili, ila wa matundu walikaa hospitalini siku 5 badala ya 6. Siku moja tu! Mwulize anayempikia mgonjwa wake uani mwa hospitali: siku moja ni makaa, mchele na nauli.

Chuma cha laparoskopia ni kigumu kama kijiti. Cha roboti hupinda kama kiwiko. Hata hivyo, katika utafiti wa 2017, kati ya wagonjwa 471 wa saratani ya rektamu, roboti haikuthibitika kupunguza idadi ya waliolazimika kupasuliwa tumbo katikati ya kazi. Mbelgiji Guy-Bernard Cadière, mmoja wa waliotangulia kupasua kwa roboti mwaka 1997, baadaye alikuja hospitali ya Panzi, Bukavu, kushirikiana na daktari Denis Mukwege kwa kamera na vyuma virefu. Namheshimu zaidi kwa safari hiyo ya Bukavu.

Nilimsimulia fundi wa toleka haya, mkono wake ukiwa majini. Akauliza:

“Gundi yao inakauka baada ya muda gani?”

“Wiki nzima wanaishi roho juu.”

Akaguna, akaugeuza mpira upande wa pili.