Chuo Hupimwa kwa Jina la Mwanafunzi

Daraja lililoipa Darajani jina lake halipo. Mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa, jina likabaki, na hakuna anayepotea njia kwa sababu hiyo. Kwenye kompyuta za chuo kikuu, jina likibaki baada ya kitu kuondoka, watu hupotea kweli: aliyestaafu bado ana nywila ya kufungulia rejista ya alama, na kozi iliyofutwa bado inapangiwa ukumbi. Kwa hivyo anayetaka kujua kama mifumo ya TEHAMA ya chuo imesanifiwa au imetiwa viraka, asianzie chumba cha seva. Chumba hicho ni kama mlango wa kuchonga, kimepambwa kwa ajili ya mgeni. Aanze na jina la mwanafunzi mmoja.

Tuseme yuko binti ambaye cheti chake cha kidato cha nne kinasema Mwanahamisi, na kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi kinasema Mwanakhamis. Yeyote aliyesoma skuli hapa Unguja anaijua kh hiyo na usumbufu wake. Jina hili linatoka Baraza la Mitihani, linapita Tume ya Vyuo Vikuu, linafika bodi ya mikopo, kisha ndani ya chuo linagawanyika: wahasibu wanaotoa namba ya malipo, maktaba, dakhalia, ofisi ya mitihani. Omba lisahihishwe mbele yako. Penye ufundi, jina husahihishwa mahali pamoja, na mwenye mamlaka hayo, sababu na tarehe zikaandikwa, na kesho yake dakhalia inaliona bila kuambiwa. Pasipo ufundi utasikia, "Sasa nenda na kwa wahasibu." Hesabu milango atakayobisha, daraja la chuo utalipata hapo. Tazama pia ni nani aliyeruhusu. Akiwa mrajis, vizuri. Akiwa kijana wa programu aliyeombwa kwa simu, una habari mbaya hata kama kazi ilikwisha kwa dakika mbili, kwani mwashi hujenga ukuta, hagawi kiwanja.

Jambo hili lina uzito wa pekee hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na baadaye chuo cha fedha cha Chwaka, cha utalii cha Maruhubi na cha afya cha Mbweni vikaingizwa ndani yake. Sheria huunganisha vyuo kwa siku moja. Rejista haziungani hivyo: kila chuo cha zamani, popote duniani, huja na namba zake za usajili, madaraja yake ya ufaulu na namna yake ya kuandika tarehe, na lazima mtu mwenye madaraka aamue ipi ndiyo rejista mama. Chuo chochote kilichoungana kipime kwa mhitimu wa kabla ya muungano anayeomba nakala ya matokeo yake. Ikibidi aitwe mzee fulani mwenye ufunguo wa kabati, vilivyoungana ni vibao vya mlangoni tu.

Wako wanaosema dawa ni kununua mfumo mmoja mkubwa unaobeba kila kitu. Unasaidia, lakini haujibu swali la nani mwenye jina, na bodi za mikopo na malipo ya serikali yatabaki nje yake hata ukinunuliwa kwa dhahabu. Wengine wanasema kamati za utawala wa TEHAMA huchelewesha kazi. Hapo wana haki nusu: kamati ya watu kumi na watano inayojadili printa ni foleni tu. Ila chuo kidogo kisicho na kamati yoyote huendeshwa na kichwa cha fundi mmoja, na siku akipata kazi Muscat, usanifu wote unapanda naye ndege.

Hoja ya kwamba Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019, inatosha, haina nguvu. Mamlaka huweka viwango, haimjui Mwanakhamis.

Kipimo cha mwisho ni giza. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila umeme wa gridi baada ya waya wa chini ya bahari kutoka Bara kuharibika. Chuo kilichosanifiwa kimeandika mapema nini kirudi kwanza: alama na malipo, tovuti baadaye. Wala usiulize kama wana nakala rudufu, kila mtu anazo. Uliza ni lini mara ya mwisho waliirejesha nakala hiyo ikafanya kazi, na uonyeshwe karatasi yenye saini ya mrajis. Ikiwapo, endelea na ukaguzi. Isipokuwapo, funga daftari lako urudi mjini.