Juu ya siri ya Jedi katika muchezo «Star Wars Galaxies»

Muchezo tutakaousema hapa umekwisha kufungwa. Ulifunguliwa katika Marekani tarehe 26 Juni 2003 na kampuni Sony Online Entertainment, ikishirikiana na LucasArts, kampuni ya George Lucas aliyetunga filamu za «Star Wars». Ulizimwa tarehe 15 Desemba 2011. Ulikuwa muchezo wa kompyuta uliochezwa na watu maelfu pamoja, kila mutu nyumbani mwake, wote wakikutana kwa njia ya intaneti katika ulimwengu wa kutungwa. Hatuuandikii kwa kupenda mambo yaliyopita. Tunauandikia kwa sababu watungaji wake walijaribu kutatua swali ambalo ni letu pia: mutu afikie namna gani cheo ambacho hakiwezi kuwa cha wote?

Wako wenzetu wanaosema ya kwamba michezo ya namna hii ni upuzi wa watoto, na padri asiharibu wino juu yake. Hatukubali. Mutaguso Mukuu wa Vatikano wa Pili, katika hati «Inter mirifica» ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwakumbusha wachungaji ya kwamba sinema, radio na vyombo vinavyofanana navyo ni jambo linalowahusu. Na sisi tulio Oicha hatuna haja ya kwenda mbali. Kando ya barabara kubwa ya kwenda Eringeti, jioni, vijana hukaa penye vibanda vya kutilia telefone moto na kucheza «Free Fire». Mwenye franka hununua mega, kiisha hununua «almasi», na kwa almasi anajipatia mutu mwenye uwezo wa pekee. Asiye na franka anatafuta siri. Wauza siri hawakosi: wanaahidi namba za kufungua nguvu za bure, wanapokea pesa kwa telefone, kiisha hawaonekani tena. Tangu mwaka 2014 watu wa eneo hili la Beni wanauawa hata ndani ya mashamba yao ya kakao. Kijana aliyekulia katika hofu hiyo akitamani nguvu, hatumucheki. Tunataka tu kujua anapewa njia gani ya kuifikia, na njia ile inamufanya mutu wa namna gani.

Kwanza tuseme uzuri wa «Star Wars Galaxies», maana ni mukubwa. Michezo mingi ya wakati ule ilimwambia mutu siku ya kwanza: chagua, wewe ni askari, wewe ni mulozi, na hivyo utakaa hata mwisho. Huu haukufanya hivyo. Mutu alipewa pointi 250 za ujuzi, akazigawanya mwenyewe kati ya kazi zaidi ya 30. Palikuwa na wapiga bunduki na wapigana ngumi, ndiyo. Lakini palikuwa vilevile na wapishi, washonaji, wajenga nyumba, wafua silaha, waganga, wafuga nyama wa pori, wapiga muziki na wachezaji wa ngoma. Wala kazi hizo hazikuwa pambo. Bunduki ilichakaa kwa kutumiwa. Sharti kumurudilia fundi. Fundi alihitaji chuma, na chuma cha ardhini hakikuwa cha namna moja: leo kizuri kinapatikana mahali fulani, baada ya siku chache kimekwisha, kingine kinatokea mbali, basi mutafuta madini alikuwa na heshima yake. Aliyetoka vitani alirudi na vidonda vya kuponywa na muganga, na tena na uchovu wa roho usioponyeka isipokuwa kwa kukaa katika nyumba ya pombe akitazama wachezaji wa ngoma na kusikia muziki. Musomaji apime neno hilo: shujaa hakuweza kurudi vitani akiwa muzima bila mucheza ngoma.

Mutu wa Oicha anaelewa upesi. Soko letu linaishi vivyo hivyo: muuza mbao anamungojea motari, motari anamungojea fundi, fundi anamungojea mama wa sombe saa sita ya muchana, na mama wa sombe anamungojea mwenye shamba arudi salama.

Sasa tufike kwa Jedi. Katika filamu hao ndio mashujaa wenye upanga wa nuru na uwezo wa ajabu. Lakini habari ya muchezo iliwekwa kati ya filamu ya 1977 na ile ya 1980, wakati ambapo, kwa hadisi yenyewe, Jedi karibu wote wamekwisha kuuawa na Kaisari anawasaka waliobaki. Hapo ndipo penye shida. Watu wengi walionunua muchezo walitaka kuwa Jedi. Na wote wakiwa Jedi, hadisi inakufa. Watungaji wangeweza kuwakatalia wote. Hawakuthubutu. Wakaamua kuificha njia.

Raph Koster, aliyeongoza utungaji, ameeleza baadaye mupango wao wa kwanza. Kila muchezaji angekuwa na orodha yake ya siri, tofauti na ya wengine, ya matendo mbalimbali: kufika mahali fulani, kufanya jambo fulani. Mutu angeishi maisha yake ya kila siku, ya upishi au ya ufundi, na siku moja, bila kutazamia, angeona mulango umefunguka. Kisha angekuwa na nguvu kupita wote, lakini akifa, angekufa kabisa, asifufuke kama wengine.

Tunasema wazi ya kwamba mupango huo ni muzuri sana, na pengine waliouwaza hawakujua wanakaribia wapi. Amosi hakuwa mwana wa manabii. Alikuwa akichunga nyama na kuangalia mikuyu yake. Lawi alikuwa mezani pake, akihesabu kodi. Samweli alikuwa amelala. Hakuna hata mumoja wao aliyekuwa akifanya kazi yake kusudi aitwe. Alikuwa akiifanya kwa sababu ni kazi yake, na wito ulimukuta humo. Tena waliyoitiwa haikuwa raha.

Lakini muda wa kutengeneza ulikuwa mufupi. Badala ya matendo yale mbalimbali wakaweka kazi zenyewe: kila mutu alipigiwa kura ya siri ya kazi kadhaa, na akizijua zile hata mwisho, njia inafunguka. Wachezaji hawakuambiwa hayo. Miezi ilipita, watu wakitafuta, wakinung'unika, wakitunga habari za uwongo. Ndipo, kabla ya mwisho wa 2003, zikatolewa ndani ya muchezo sanduku ndogo zinazoitwa holokroni. Mutu aliyeipata moja aliambiwa: sasa ujifunze upishi, au: sasa uwe mufua silaha. Novemba 2003 Jedi wa kwanza alionekana, na wote wakajua ya kwamba siri ni orodha.

Yaliyofuata ndiyo kiini cha hukumu yetu. Mucheza ngoma aliyependa ngoma aliiacha ili awe mushonaji, ingawa ushonaji ulimuchukiza. Mushonaji akawa mupiga bunduki. Muganga akatoka hospitali. Kila mumoja aliharakisha kumaliza kazi asiyoitaka ili afikie nyingine asiyoitaka, na nyuma ya zote palikuwa upanga wa nuru. Wengi waliiagiza kompyuta yao irudierudie mwendo mumoja usiku kucha, wao wenyewe wamelala kitandani. Ukiingia katika nyumba ya pombe uliona imejaa: hawa wanacheza ngoma, wale wanapiga zumari, na ukiwasalimu hakuna anayejibu. Watu wengi, na hakuna mutu. Ufundi uliokuwa mwisho wenyewe umekuwa ngazi, na ngazi haipendwi, inakanyagwa. Koster mwenyewe amekubali ya kwamba furaha ya wachezaji ilishuka tangu siku zile.

Musomaji wa seminari atuvumilie tukigusa hapa nyumba yetu. Tumewaona, tena si mara moja, vijana wanaosoma filozofia kwa sababu ni miaka mitatu ya kupita, wanaofundisha katekesimu wakati wa staji kwa ajili ya barua ya ushuhuda itakayoandikwa na paroko, wanaotembelea wagonjwa Jumatano kwa sababu Jumatano imeandikwa. Wanatimiza yote. Wakubwa hawana la kuwashitaki. Ukiwasalimu, nani anajibu? Orodha ya masomo ni ya lazima, hatusemi ifutwe. Eklezia ilijua sababu ilipoiweka. Lakini mugonjwa wa Jumatano anajua vizuri kama amekuwa holokroni ya mutu.

Tuongeze neno juu ya siri ya namna nyingine, iliyo karibu nasi zaidi. Katika misitu ya huku wako wanaowapa vijana maji, wakisema ya kwamba yanageuza risasi. Masharti yako: usimuguse mwanamuke, usiibe, usile chakula hiki wala kile. Kijana akianguka, wanasema amevunja sharti. Siri ya namna ile haiwezi kushindwa hata mara moja, maana kosa ni la maiti siku zote. Kwa upande huo watungaji wa Marekani walikuwa watu wa haki: holokroni ilisema kweli, na aliyetimiza alipata. Hatuoni vema kuwaweka wote katika kapu moja, kama wanavyofanya wahubiri wengine wanaoita kila siri uchawi.

Jambo jingine lastahili sifa, nalo ni bei ya cheo. Jedi aliyeonyesha nguvu zake mbele ya watu alijulikana, na wawindaji wa zawadi, ambao walikuwa wachezaji kama yeye, walipewa kazi ya kumufuatia na kumuua. Basi aliyepata nguvu kupita wote alilazimika kukaa kimya, kuvaa nguo za kawaida, kutembea njia zisizo na watu. Hiyo ni hekima. Lakini ule mupango wa kifo cha kabisa haukudumu; waliofika walilalamika, na adhabu ikalegezwa mpaka kupoteza sehemu ya ujuzi tu. Walitaka cheo, hawakutaka bei. Juu ya hilo hatuna haja ya kuwahubiri wachezaji wa mbali. Vyeo vya kwetu vinajulikana.

Katika 2004 wakabadili tena njia: badala ya kura ya kazi, muzee alikuja kumuita mutu, akamupeleka katika kijiji cha siri kwenye nyota Dathomir, na huko akapita majaribu kwa vipindi vinne. Ni bora kuliko orodha ya kwanza, kwani sasa mushonaji aliweza kubaki mushonaji. Zaidi ya hayo hatuna la kusema juu yake; majaribu yenyewe yalikuwa marefu na ya kuchosha.

Kisha tarehe 15 Novemba 2005 kampuni ikageuza yote kwa mara moja. Kazi zaidi ya 30 zikapunguzwa mpaka 9, na mojawapo ya hizo 9 ilikuwa Jedi. Aliyeingia asubuhi aliweza kuwa Jedi asubuhi ile ile. Watu wengi walikasirika, wakaondoka.

Mwenzetu mumoja, tulipozungumza naye habari hii, alitukumbusha mufano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Injili ya Matayo. Jedi wa zamani, alisema, ni wale wa saa ya kwanza: wananung'unika kwa sababu mutu wa saa ya mwisho amepewa dinari sawasawa na yao. Ni wivu tu. Neno lake lina uzito, na kwa wengine ni kweli. Mutu aliyelala macho wazi miezi sita kwa ajili ya upanga hapendi kuona upanga ule ukigawanywa mulangoni. Lakini mufano haukai vizuri hapa. Mwenye shamba wa Injili alitoa dinari kwa wote, na shamba likabaki. Huyu wa Novemba 2005 alitoa dinari kwa wote na kungoa mizabibu. Wafuga nyama wa pori hawakuwa na kazi tena. Ufundi ambao mutu aliufanya miaka miwili, akajulikana kwao, akatafutwa kutoka mbali, ulifutwa kati ya jioni na asubuhi. Kati ya walioondoka wako wasiotamani kuwa Jedi hata siku moja. Walikuwa wapishi. Kwao upanga haukuwa na maana yoyote, waliondolewa jiko.

Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaosema muchezo uliuawa na kuwapa wote cheo cha wachache. Ulianza kufa miaka miwili mbele, siku ile sanduku ndogo lilipomwambia mucheza ngoma ya kwamba ngoma yake ni hatua. Novemba 2005 walimaliza tu hesabu: kama kazi zote ni ngazi ya kwenda kwa Jedi, na sasa Jedi ni wa bure, ngazi ni ya nini?

Waliobaki waliendelea miaka sita zaidi, mpaka taa zilipozimwa. Lakini wapenzi wa zamani hawakutulia. Kwa kazi ya kujitolea wameujenga upya muchezo kama ulivyokuwa kabla ya mageuzi ya 2005, na watu wanaucheza hata leo, wapishi na wajenga nyumba na wafuga nyama. Nyumba za pombe zimejaa tena wachezaji wa ngoma. Wengine kati yao, ukiwasalimu, bado ni kompyuta peke yake.