Kalamu juu ya picha: namna mashamba ya Rwanda yalivyoingia daftarini

Ukitoka katikati ya Kigali ukaelekea Rutunga au Gikomero, unakuwa bado uko wilaya ya Gasabo, ndani ya mipaka ya jiji, lakini macho yanaona kijiji: migomba, maharage, mtama, ng'ombe zizini, na kule chini Ziwa Muhazi. Ardhi ya familia kwa kawaida haifiki hekta 1, tena haiko mahali pamoja. Kipande kimoja kiko mgongoni mwa kilima, kingine mteremkoni, kingine ng'ambo kwa wakwe. Na kila kipande kina namba yake serikalini. Namba huanza na 1, yaani Jiji la Kigali, ikafuata 02, yaani Gasabo, halafu kata, halafu akagari, yaani kitengo cha utawala kilicho chini ya kata, mwisho kipande chenyewe. Kabla ya 2007 mashamba ya vilimani karibu yote hayakuwa katika daftari lolote la Serikali. Kufikia 2013, vipande zaidi ya milioni 10 vilikuwa vimeandikwa nchi nzima, kwa gharama isiyofika dola 10 kwa kimoja.

Sifa ya kazi hii mara nyingi hupewa picha za angani. Kweli zilisaidia. Ndege iliruka juu ya nchi mwaka 2008 na 2009, ikapiga picha ambazo kila nukta yake ni sentimita 25 ardhini. Mahali picha za ndege zilipokosekana pakajazwa kwa za setilaiti. Lakini picha nzuri nchi nyingi zinazo. Uamuzi uliofanya kazi iende ulikuwa mwingine, na kwa mpima ardhi wa shule ya zamani ni uamuzi wa kuudhi: Rwanda ilikubali mpaka usio sahihi kabisa.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua picha iliyochapishwa kwa kipimo cha 1:2000, uchore mpaka kwa kalamu yenye wino wa nusu milimita. Unene wa mstari huo peke yake ni mita nzima shambani. Penye jiwe la mpaka lililopimwa kwa chombo, mita nzima ni aibu. Penye ua wa minyaa uliopandwa na babu, ambao majirani wa pande zote mbili wanaukubali, mita hiyo haimsumbui mtu, kwa sababu mpaka wenyewe uko pale pale shambani na karatasi inauelekezea tu. Wapima ardhi wenye leseni walikuwa wachache mno kuzunguka vilima vyote na vyombo vyao. Wangekuwa kazini hadi leo, na mkulima wa robo hekta angeuza hiyo robo hekta ili awalipe.

Basi kazi ikapewa vijana wa hapo hapo. Walifundishwa kusoma picha, wakapewa karatasi kubwa za eneo lao, wakaingia mashambani. Mwenye shamba anatembea mpakani, jirani anatembea naye, kamati ya ardhi ya akagari iko karibu, na kijana anafuata mstari juu ya picha, kisha anaandika namba ndani ya umbo. Jambo lilifanyika mchana, mbele za watu, na kipande cha huyu kilipigwa mpaka siku ileile na cha jirani yake. Hapo ndipo palipo na ufundi. Anayepimiwa peke yake, kwa ombi lake, anaweza kusogeza ua usiku wa kuamkia siku ya mpimaji. Kilima kizima kikipimwa kwa mkupuo, ukisogeza ua unakanyaga miguu ya watu wanne waliosimama mbele yako.

Baada ya mpaka likaja dai: nani mwenye ardhi, nani mwenzake, nani ana haki nyingine juu yake. Mdai akaondoka na stakabadhi. Pasipo na maelewano, vipande viliandikwa kuwa vina mgogoro na wahusika wakaelekezwa kwa abunzi, wasuluhishi waliochaguliwa na wananchi. Timu haikukaa kusubiri hukumu. Orodha na ramani zikawekwa hadharani kwa siku 60 ili mwenye pingamizi aseme. Hati ikafuata, nayo kwa wakulima wengi ni ya ukodishaji wa muda mrefu kutoka kwa Serikali. Ardhi ya mabondeni yenye maji, kama bonde lenye miwa kule Kabuye, haikugawiwa mtu, kwani sheria ya ardhi ya 2005 iliihesabu kuwa mali ya Serikali.

Tusisahau mazingira. Nchi hii ilitoka katika mauaji ya kimbari ya 1994. Waliokimbia tangu 1959 walirudi, na katika mikoa ya mashariki familia ziliambiwa zigawane mashamba nao. Kuuliza hadharani «hapa ni pa nani?» lilikuwa swali zito, na ndiyo maana kazi haikuanza nchi nzima kwa pamoja. Majaribio yalifanyika kwanza, 2007 na 2008, katika akagari nne tu: Biguhu huko Karongi, Kabushinge huko Musanze, Mwoga huko Kirehe, na Nyamugali hapa kwetu Gatsata, mtaa ambao wengi wanaujua kwa mafundi wa magari tu.

Majaribio hayo yalifichua jambo ambalo mkutano wa ofisini usingelifichua. Mwanamke mwenye cheti cha ndoa jina lake liliingia bila shida, maana sheria ya 1999 kuhusu mali ya wanandoa na mirathi ilimlinda. Aliyeishi na mumewe miaka mingi bila kufunga ndoa ya kiserikali, na vilimani ni wengi, alikuwa katika hatari ya kuachwa nje ya karatasi. Utaratibu ukarekebishwa kabla ya kazi kuenea nchini. Watafiti waliofuatilia akagari hizo waliona pia kwamba walioandikishwa walizidi kujenga na kutunza matuta ya kuzuia mmomonyoko, hasa kaya zinazoongozwa na wanawake. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko mikopo ya benki kwa dhamana ya hati, iliyotangazwa sana.

Sasa upande dhaifu. Daftari huanza kuchakaa siku linapokamilika. Kenya ilianza kuandikisha mashamba ya Mkoa wa Kati miaka ya 1950 kwa mpango wa Swynnerton wa serikali ya kikoloni, na hadi leo familia nyingi zinalima ardhi iliyo kwa jina la babu aliyekwisha kufariki, kwa sababu mirathi haikufikishwa ofisini. Rwanda ilijiwekea vikwazo viwili vya namna hiyo yenyewe. Cha kwanza, ada ya kuhamisha umiliki iliwekwa kiwango kimoja, karibu faranga 30,000, kiwanja kiwe cha Kiyovu, mtaa wa kifahari wa Kigali, au kiwe kishamba cha viazi. Kwa aliyenunua kona ya shamba kwa bei ndogo, ni nafuu kuandikiana mbele ya mashahidi na kwenda zake. Cha pili, sheria ya 2005, na ile ya 2013 baada yake, ilikataza kugawanya ardhi ya kilimo chini ya hekta 1, katika nchi ambako familia ya kawaida haina hata hiyo hekta. Watoto wakagawana kwa kamba na miti. Daftarini kipande kikabaki kimoja, pengine kwa majina ya warithi wote.

Tangu Januari 2023 hati hutolewa kwa njia ya kielektroniki, na safari za ofisini zimepungua. Lakini mtambo unajua kile unachoambiwa tu. Kifo huandikwa serikalini, na kata ina afisa wa ardhi. Hata hivyo ni warithi wanaopaswa kuanzisha mabadiliko ya hati, kwa muda wao na kwa gharama zao. Ningeanzia hapo: anayeandika kifo aulize namba za vipande vya marehemu siku hiyohiyo, na ada ya mirathi ifuate thamani ya shamba. Vijana waliochora mipaka walikwenda hadi kwa mkulima. Daftari linamsubiri aje.